Ekseli na Springi za Gari

Kila mzigo uchukuliwao duniani hauna budi kuwa na kitu cha kuuegemea. Mpagazi huchukua mzigo kwa kichwa au kwa bega. Punda huchukua kwa mgongo. Gari huchukua kwa ekseli na springi. Vitu hivi viwili vimefichwa chini ya gari, penye vumbi na tope, wala abiria aketiye juu havioni. Lakini vikivunjika, injini iwe nzuri namna gani, safari imekwisha.

Katika mji wa Dar es Salaam, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, pana mtaa uitwao Kariakoo. Jina hilo lenyewe ni jina la mizigo. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, nacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vya wenyeji vikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Na vivyo hivyo Nairobi pana mahali paitwapo Kariokor. Siku zile mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, magari yalikuwa machache, na barabara njema zilikuwa haba. Basi chakula na risasi za majeshi vilichukuliwa kwa vichwa vya watu, na maelfu kwa maelfu wakafa njiani kwa njaa, kwa uchovu na kwa maradhi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, yawakumbusha wapitao habari za askari na wapagazi wale.

Leo katika Kariakoo iyo hiyo hakuna kambi ya wapagazi, bali mna soko kubwa na maduka yasiyohesabika. Upande wa Gerezani, na katika Mtaa wa Shaurimoyo ulio karibu, maduka mengi huuza vipuri vya magari, yaani spea, vipya na vilivyokwisha kutumika. Hapo huja watu kutoka mbali, kila mtu na kipande cha chuma kilichovunjika mkononi, akitafuta kilicho ndugu yake. Wengine ni mafundi. Wengine ni wenye magari walioazimia kuyatengeneza wenyewe, kwa kupunguza gharama au kwa sababu huko wakaako hakuna fundi. Yafaa kujua kazi hiyo hufanywaje, na hatari zake ni zipi.

Gari la njia mbaya lililojulikana sana katika nchi yetu ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Bati lake lilikuwa la alumini, kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu huko Uingereza baada ya vita. Miongoni mwa Land Rover za baadaye, moja ilipata sifa kubwa, nayo huitwa "mia na tisa". Wengi hulitaja jina hilo bila kujua maana yake. Maana yake ni hii: toka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma ni inchi 109, yaani karibu meta 2.77. Basi hata jina la gari limetoka katika ekseli zake. Baadaye ikaenea Land Cruiser ya Japani; na ile yenye bomba refu la kuvutia hewa, watu waliipa jina la mkonga, maana bomba lile lafanana na mkonga wa tembo.

Ekseli ni nini? Ni mhimili uunganishao gurudumu la kulia na la kushoto. Mkokoteni usukumwao katika mitaa ya Kariakoo una ekseli nyepesi: chuma kimoja tu, na magurudumu yazunguka katika ncha zake. Lakini ekseli ya gari ina kazi mbili: kuuchukua uzito, na kuipeleka nguvu ya injini magurudumuni. Kwa hiyo imefanywa kama mfupa wenye uboho. Nje ni bomba nene la chuma. Ndani ya bomba mna fimbo mbili za chuma cha pua, ambazo mafundi huziita hafshafti, kila gurudumu na fimbo yake. Katikati pana uvimbe kama chungu, na ndani yake mna meno ya difu. Difu huigawanya nguvu kulia na kushoto, tena huyaacha magurudumu yazunguke kwa mwendo usio sawa. Kwani gari likikata kona, gurudumu la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani.

Katika ekseli ya nyuma ya Land Rover za zamani, uzito wote wa gari huchukuliwa na bomba la nje. Hafshafti haibebi kitu; kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Faida yake ni kubwa. Hafshafti ikikatika, gurudumu halitoki, wala gari halianguki upande. Dereva hufungua bolti sita zilizo katikati ya gurudumu, akaivuta fimbo nje kama mtu achomoaye upanga alani, na gurudumu likakaa mahali pake. Katika magari mengine sivyo: fimbo ile ile huzungusha na kubeba pia, nayo ikikatika, gurudumu laweza kutoka pamoja nayo.

Sasa na tuangalie springi. Kama ekseli ingefungwa moja kwa moja katika chasisi, kila jiwe barabarani lingelipiga gari kama nyundo. Vyombo vingevunjika, na mgonjwa aliyelazwa ndani angeumia sana. Springi husimama kati ya ekseli na chasisi, nayo hulipokea pigo na kulilainisha. Mwanafunzi akitaka kujua namna yake, na atwae ufito mmoja mwembamba aupinde. Utapindika upesi, na akizidisha utavunjika. Kisha atwae fito tano, kila mmoja mfupi kuliko mwenziwe, azipange moja juu ya moja na kuzifunga katikati kwa kamba. Hizo zitapindika pia, lakini kwa nguvu nyingi, na zikiachiliwa zitarudi. Springi ya majani ndivyo ilivyo. Ni mapande ya chuma cha pua yaliyopangwa, na jani lililo refu kuliko yote lina tundu katika kila ncha ili lishikwe na chasisi.

Majani hayo yameshikwa pamoja na bolti moja ipitayo katikati yao, ambayo mafundi huiita sentabolti. Kichwa chake huingia katika tundu la kikalio cha ekseli, kikaizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Kisha bolti nyingine zilizopindwa mfano wa herufi U huikumbatia ekseli na springi pamoja na kuzibana. Hapa pana jambo la kukumbukwa. Watu hudhani kwamba sentabolti ndiyo ishikayo ekseli. Sivyo. Bolti za U ndizo zishikazo, na sentabolti yaonyesha mahali tu. Nati za bolti za U zikilegea, nguvu zote huiangukia sentabolti, nayo ni nyembamba. Siku moja hukatika. Hapo ekseli huteleza upande mmoja, na gari hutembea mshazari kama kaa wa pwani. Akiwa katika mwendo wa kasi, dereva aweza kushindwa kuliongoza.

Ncha moja ya springi imefungwa katika chasisi kwa pini. Ncha ya pili haikufungwa hivyo, bali yaning'inia katika kiungo kiwezacho kwenda mbele na nyuma. Sababu yake ni nyepesi: springi iliyopindika ikikandamizwa hunyooka, na ikinyooka huwa ndefu zaidi. Kama ncha zote mbili zingefungwa imara, springi isingepata nafasi ya kunyooka. Katika matundu ya ncha hizo hutiwa bushi za mpira, ili chuma kisisage chuma.

Lakini springi ina kasoro moja: ikiisha kupigwa, haitulii upesi. Hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kama mtoto achezaye juu ya tawi. Kwa hiyo gari limepewa shokapu. Hiyo ni bomba lenye mafuta, na ndani yake mna kizibo chenye vitundu vidogo. Gari likiruka, mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu hivyo kwa shida, na nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu nzima, baada ya mwendo wa barabara mbaya, huwa ya moto. Atakaye kuijaribu huikandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu, akaiachilia. Ikipanda na kutulia, ni nzima. Ikiendelea kuchezacheza, imechoka.

Kabla ya kufungua kitu chochote, mwenye gari yampasa kwanza kujua hatari iliyoko, maana watu wengi wamekufa chini ya magari waliyokuwa wakiyatengeneza. Sababu mara nyingi ni moja: walilitegemea jeki peke yake. Jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Laweza kuteleza, laweza kuzama mchangani, na mafuta yake yaweza kuvuja. Gari likiisha kuinuliwa, na liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo mazito yaliyopangwa sawasawa, juu ya ardhi ngumu isiyoinama. Matofali ya saruji yenye matundu yasitumiwe kabisa, kwa kuwa hupasuka ghafula bila kutoa dalili.

Tena Land Rover za zamani zina jambo lililowadanganya wengi. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Yashika shafti itokayo kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma. Mtu akivuta breki hiyo, kisha akainua gurudumu moja la nyuma, difu hulifungulia gari njia: gurudumu lililo hewani laweza kuzunguka kinyume, na lile lililo chini likaenda. Gari hutoka juu ya jeki, na aliye chini yake hana pa kukimbilia. Kwa hiyo sharti kuweka vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yasiyoinuliwa, kabla ya kulishika jeki. Kazi hiyo haichukui dakika mbili.

Sasa, springi iliyovunjika jani hubadilishwaje? Siku moja kabla ya kazi, nati zote hupigwa brashi ya waya na kutiwa mafuta mepesi, ili kutu ilegee. Asubuhi yake vigingi huwekwa, na nati za gurudumu hulegezwa gurudumu lingali chini. Kisha gari huinuliwa na chasisi huwekwa juu ya stendi, na gurudumu hutolewa. Jeki huwekwa chini ya ekseli, likaichukua ekseli tu, ili springi isiwe na mzigo wala isivutwe. Ndipo shokapu hufunguliwa, kisha nati za bolti za U, kisha pini za ncha zote mbili, na springi hushushwa. Springi ni nzito. Haifai mtu kuishusha peke yake, wala kuweka vidole kati yake na ekseli.

Springi mpya hupandishwa kwa njia ile ile, kinyumenyume. Mtengenezaji huhakikisha kwamba kichwa cha sentabolti kimeingia katika tundu lake barabara. Bolti za U zilizokwisha kuvutika zisirudishwe. Zinunuliwe mpya, na nati zake zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, pembe kwa pembe, ili zibane sawasawa. Lakini pini za bushi zisikazwe hata mwisho gari lingali juu. Zikikazwa hapo, mpira utashikwa katika hali isiyo yake, na gari likishushwa utanyongwa, nao utararuka upesi. Gari hushushwa kwanza, hutikiswa ili springi zitulie, kisha pini hukazwa. Na baada ya safari za siku chache, nati za bolti za U hukazwa tena, maana majani mapya hukaa mahali pake na kuziacha na ulegevu.

Yafaa pia kubadili springi za kulia na za kushoto pamoja. Moja ikiwa mpya na moja imechoka, gari litainama. Wala jani lililovunjika lisiungwe kwa kuchomelewa. Chuma cha springi kilipata nguvu zake kwa kutiwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu, na moto wa kuchomelea huziondoa nguvu hizo pale pale ulipopita. Jani lililoungwa litakatika tena kando ya kiungo, pengine siku gari limejaa watu. Jani bovu lina kazi nyingine: wahunzi wengi hulifua likawa panga, kisu au shoka, maana chuma chake ni kizuri.

Aendaye Kariakoo kununua vipuri na achukue kile cha zamani mkononi. Vipuri hufanana kama mapacha, na tofauti ya unene wa ukucha yatosha kuiharibu kazi. Akifika, apime urefu, ahesabu majani au meno, alinganishe matundu. Bei rahisi kupita kiasi imtie mashaka, kwa kuwa mali bandia huvishwa makaratasi mazuri. Na bora aulize maduka mawili matatu kabla ya kutoa fedha.

Hafshafti ikikatika mbali na mji, dereva husikia mlio, kisha injini yavuma lakini gari haliendi. Sababu ni kwamba difu hupeleka mwendo wote upande uliokatika, kwa kuwa huko hakuna kizuizi. Kabla hajashuka aikanyage breki, na mwenzake aweke mawe magurudumuni, kwani katika Land Rover ya zamani breki ya mkono nayo imepotea pamoja na hafshafti. Kisha aichomoe fimbo iliyokatika, na kipande kilichobaki ndani akitafute, maana kikiachwa huweza kusaga meno ya difu. Akiwa na hafshafti nyingine huitia. Kama hana, huunganisha magurudumu ya mbele, nayo yatalivuta gari polepole hata mahali penye msaada. Hii ni baraka ya gari lenye ekseli mbili zenye nguvu.

Adui mwingine wa ekseli ni maji. Juu ya bomba la ekseli pana kitundu kidogo cha kupumulia. Gari likienda, mafuta ya ndani hupata joto na hewa hutanuka, ikatoka kwa kitundu hicho. Tope likikiziba, hewa hutafuta njia nyingine, ikayasukuma mafuta yapite katika sili hata kwenye breki, na breki yenye mafuta haishiki. Tena ekseli yenye joto ikitumbukia ghafula katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa ndani. Katika Dar es Salaam jambo hili hutokea hasa wakati wa masika, Mto Msimbazi ufurikapo pale Jangwani na kuifunika barabara. Mwenye gari lililopita katika maji hayo na afungue kizibo cha ekseli ayatazame mafuta. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hayana budi kumwagwa yote na kutiwa mengine, kabla beringi na meno hayajala kutu.

Hizo beringi pia zataka kuangaliwa. Gurudumu likiinuliwa, hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Na baada ya safari, dereva hukaribisha mgongo wa mkono wake katikati ya kila gurudumu. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, lina ugonjwa, nalo lasema kabla ya kuanguka.

Ukaguzi huu wote hauhitaji fedha. Wahitaji macho, mikono, na robo saa ya asubuhi kabla ya safari. Wahenga walinena: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nati iliyolegea hukazwa kwa spana moja. Ikiachwa hukata sentabolti, sentabolti huachilia ekseli, na ekseli huangusha gari. Na gari la njia mbaya mara nyingi ndilo limchukualo mama mwenye uchungu wa kuzaa toka kijijini hata hospitali. Mama huyo hawezi kuinama kutazama springi. Yampasa dereva kuzitazama kwa ajili yake.